Kidevu cha Fundi, Mkono wa Pacha

SEHEMU YA TISA

Wiki nzima hamkunipa nafasi ya kupumua. Mama mmoja kanisimamisha barabarani na kapu lake la mboga, anataka nimwambie hapo hapo kama ile mashine ilikata au haikukata. Bwana mwingine kaniandikia maneno ambayo mhariri kayafuta nusu kabla hayajanifikia, kana kwamba mimi ndiye niliyeishika. Haya, tulieni, nasema.

Ilikata.

Na wewe unayeingia leo, vuta kiti, hujachelewa. Fundi, kinyozi wetu, alikuwa amelala chali kwenye kiti chake mwenyewe cha kazi, taulo la moto limemfunika macho. Ilikuwa asubuhi ya siku aliyoiota. Nyuma yake alisimama Pacha, mwenzake wa kazi, anamtengeneza ndevu kwa ajili ya kupigwa picha. Sasa, mashine ya kunyolea ikiwa imevishwa kitana chake huunguruma taratibu, maana kitana ndicho kinachoizuia isile nywele zote. Ikivuliwa kitana, mlio wake unakuwa mwembamba na mkali. Sikio la Fundi likausikia ule mlio mwembamba. Hapo ndipo tulipoachana.

Kabla hajafumbua kinywa, ubaridi ulimpita shavuni, kutoka sikioni hadi kidevuni.

Alitupa taulo akajitazama kwenye kioo. Katikati ya ndevu zake, zile ndevu zilizokuwa zikiwafanya watu wawapite vinyozi wengine kuja kumtafuta yeye, palikuwa na njia. Ilikuwa tupu kabisa, pana kama vidole viwili, ngozi inang'aa.

"Mkono umeniteleza," Pacha alisema. "Kitana kimechomoka. Ndugu yangu, nisamehe, kimechomoka chenyewe."

Alikuwa amepiga magoti sakafuni. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli, maji na chumvi. Yalikotoka mimi sisemi bado.

Ila nisikilizeni. Kitana kikichomoka huanguka chini. Chini palikuwa na nywele tu. Kitana kilikuwa mezani, kimelazwa pembeni ya chanuo na brashi, kimenyooshwa vizuri na mtu asiye na haraka. Fundi alikiona. Nawaambia alikiona kwa macho yake yote mawili, moyo ukakataa kukipokea. Ningekuwa pale ningemzaba kibao cha kumwamsha.

Lakini mtu angeanzia wapi kumshuku Pacha? Hawakuzaliwa tumbo moja, jina hilo walipewa na wateja kwa jinsi walivyokuwa hawaachani. Walijifunza kazi kwa bwana mmoja, wakala sahani moja, wakalala kitanda kimoja cha kamba mpaka kamba zikakatika. Fundi alipooa, msimamizi wake alikuwa Pacha. Na kuna jambo jingine ambalo asiye wa kazi hii halielewi. Kinyozi hajinyoi. Anaweza kuzijua ndevu za mji mzima, lakini zake mwenyewe lazima ampe mtu, alale chali, afumbe macho na amwachie koo. Fundi alimwachia Pacha koo lake miaka na miaka. Ukishampa mtu koo, unamficha nini tena?

Na ndevu zenyewe, ndugu zangu, siku hizi si nywele, ni cheo. Zamani kijana akifuga ndevu mama yake alimuuliza kama anaumwa. Leo karani anazo, mwalimu anazo, dereva anazo, na bwana harusi asiye nazo anashauriwa asogeze siku mbele. Wenye vinywele vya kuokoteza wanasugua vitunguu kidevuni, wanapaka dawa nyeusi, wanapanda kitandani wananuka kama jiko. Wake zao wanavumilia. Mimi nisingevumilia.

Ndiyo maana kampuni moja ya mafuta ya ndevu ilikuwa inatafuta sura. Sura hiyo ingebandikwa kwenye chupa na kwenye kuta za barabara kubwa, na mwenyewe angekabidhiwa saluni mpya ya kampuni iliyoko kwenye kona, ile yenye mlango wa kioo. Wakala wa kampuni alipita kila kijiwe cha vinyozi, akazitazama ndevu za Fundi, akasema kutafuta kumekwisha. Leo alikuwa anakuja na kamera.

Usidhani Fundi alikuwa na tamaa ya kuonekana. Alichokitaka ni mlango. Saluni yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la zamani. Ukikaa kitini unasikia viatu vya watu vikipanda juu ya kichwa chako. Dirisha hakuna. Mvua ikinyesha anajua kwa kuona wateja wameloa. Alimwahidi mke wake kwamba iko siku atafanya kazi mahali penye mlango wa kufungua na kufunga, na mwanga wa jua utaingia mpaka kwenye kioo. Hilo tu. Hakuna kingine alichokidai duniani.

Na sasa shavu lilikuwa na njia katikati.

Pacha, akiwa bado magotini, alisema labda wazifupishe zote zilingane. Fundi alijishika kidevu akacheka kicheko kibaya. Zilingane na nini, na ngozi? Akarudi kitini, akafumba macho, akamwambia mwenzake amalizie. Ndiyo, msomaji. Alimpa tena koo mkono ule ule.

Zilipokwisha kudondoka zote, Fundi ndiye aliyembembeleza Pacha. Alimfuta machozi kwa taulo lile lile. Akamwambia ajali haina kinga, kazi ni kazi, mkono wa mtu si chuma. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Huyu wetu kanyolewa mwenyewe, tena bila maji, halafu anampa pole aliyemnyoa.

Kichwani kwake alikuwa na hofu moja. Mke wake hakuwahi kukiona kidevu chake. Alimkuta na ndevu, akaolewa na ndevu. Fundi alijitazama, akaona kidevu kidogo cha mviringo ambacho hata yeye alikuwa amekisahau. Alishika simu ampigie, akaiweka. Akaishika tena. Akaiweka.

Hapo akaingia Mama Magazeti, yule anayeuza magazeti mguuni pa ngazi, na ambaye huja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la wateja apumzishe miguu. Alimtazama Fundi usoni, akamsalimia kwa heshima zote za mgeni, kisha akamuuliza Pacha Fundi yuko wapi leo. Fundi alipojibu kwa sauti yake, mama wa watu alishika ukuta. Alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akakaa kwenye benchi lake kimya na magazeti mapajani.

Wakala naye alipofika yakawa yale yale. Kijana nadhifu, ndevu zake mwenyewe zimekaa kama zimechorwa. Alimpa Fundi begi la kamera amshikie, akauliza mwenyewe yuko wapi, muda ni mali.

"Mwenyewe ni mimi," Fundi alisema.

Wakala alitazama kidevu, akatazama sakafu, akaziona ndevu alizokuwa amezifuata. Alikaa kwenye benchi pembeni ya Mama Magazeti kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Baadaye akaeleza, kwa upole kusema kweli, kwamba picha ni leo, mashine za kuchapa mabango zinasubiri, na kuna vinyozi wengine mitaa ya jirani wanaomlilia. Alisimama, akanyoosha mkono achukue begi lake.

Fundi alimtazama yule kijana akielekea kutoka, akaona mlango wa kioo unaondoka naye. Kisha akageuka akamtazama Pacha.

Pacha alikuwa na barakoa usoni. Tangu mwezi uliopita alikuwa anajifunika pua na mdomo, anasema mafua yamemganda, hataki kuwaambukiza wateja. Kila Fundi alipotaka kumtengeneza ndevu, Pacha alikataa, akasema ziache kwanza, nafuga tu, mwanaume mgonjwa hana haja ya urembo.

"Vua hicho kitu," Fundi alimwambia. Kisha akamwambia wakala, "Mpige huyu. Huyu na mimi ni mtu mmoja."

Pacha alikataa. Alikataa mara moja, kwa sauti ndogo, na kuna watu wanaokataa chakula kwa sauti hiyo wakati mkono umeshafika kwenye sahani. Alivua barakoa.

Wakala alilirudisha begi chini.

Ndevu za Pacha zilikuwa zimeshiba. Zilijaa mashavu yote, nyeusi, zinameremeta mafuta, zimeshuka kidevuni kwa adabu. Hata Mama Magazeti alisema loh. Fundi alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli, wallahi nawaambieni, alimpiga mwenzake bega, akasema Mungu hamtupi mja wake. Aliona bado kuna njia. Pacha akiwa kwenye ule mlango wa kioo, si na yeye yumo? Kuna siku waligawana sahani, sasa watagawana mlango.

"Kaa nikuchonge mistari," alisema.

"Ziko sawa," Pacha alijibu upesi. "Apige tu."

"Upigwe picha ya mji mzima bila mkono wangu? Kaa."

Wakala naye alisema hapana ubaya, bado anafunga taa yake. Pacha akakaa.

Fundi alimfunga shuka shingoni, akampaka povu kidogo chini ya taya, akachukua wembe mpya. Akainama karibu, karibu kabisa, maana kazi ya mistari ni ya kuinama. Ndipo alipoona kwamba mistari ilikwisha kuchongwa. Ilikuwa safi, ya jana, au leo alfajiri.

"Nani amekuchonga?" aliuliza, kwa kuuliza tu.

"Nimejichonga mwenyewe. Kwenye kioo cha nyumbani."

Mtu mwingine angepita hapo asione kitu. Lakini kinyozi kumwambia kinyozi kwamba amejichonga mwenyewe, tena mpaka nyuma ya taya, ni sawa na mtu kukwambia amejibeba mgongoni. Fundi alitaka kucheka. Alidhani ni mzaha. Akakigeuza kichwa cha Pacha kwa vidole viwili, apate mwanga wa taa, akautazama mstari wa upande wa kushoto.

Kicheko kilimkauka.

Mstari ulianza kidevuni vizuri, ukapanda vizuri, na ulipokaribia sikio ukajikunja juu kidogo. Kidogo tu. Ungesema shavu linatabasamu peke yake.

Kila mkono una mstari wake. Fundi angeweza kupita barabarani na kukuambia huyu kachongwa na fulani, yule kachongwa na fulani. Na mkono unaojikunja vile karibu na sikio ni wa mtu anayetumia kushoto, kwa sababu mashine inamwingia kutoka upande usiozoeleka. Katika vinyozi wote aliowajua, hakuna aliyetumia mkono wa kushoto.

Alikuwa anamjua mtu mmoja tu wa mkono huo. Na mtu huyo hakuwa kinyozi. Alikuwa mshonaji.

Mwaka jana Pacha alisafiri kwenda kumuuguza mama yake, akakaa huko. Ndevu za Fundi zikaota ovyo mpaka wateja wakaanza kumtania. Ndipo akamkalisha mke wake nyumbani, akampa mashine, akamshika mkono na kumfundisha. Mke alikuwa na mkono mwepesi wa kushika kitambaa, akajifunza upesi, lakini mstari ule wa kushoto ulimshinda. Kila mara ulijikunja. Fundi alikatazwa na wateja asitoke nao nje. Yeye alitoka nao, akauringia mji mzima, akawaambia huu ni mkono wa mke wangu, hauuzwi.

Leo aliuona kwenye shavu la mwanaume mwingine.

Wembe ulikuwa kooni pa Pacha. Sitaki mnisingizie kwamba nimeuweka hapo makusudi, ndipo kazi ilipokuwa imefikia. Wakala alikuwa amewapa mgongo anahangaika na waya wa taa. Mama Magazeti alikuwa anasoma. Kwenye kioo, macho ya Pacha yalikutana na macho ya Fundi, na koromeo lake likapanda na kushuka chini ya wembe.



Fundi aliumia, na maumivu yenyewe yalimchagulia mahali pa ajabu. Hakufikiri kwanza habari ya kitanda wala nguo. Alifikiri mikono. Mkewe alimshika huyu kidevu namna ile ile, akamwinua uso, akampulizia nywele zilizobaki shavuni, kwa maana ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye. Alimfundisha kila kitu.

Halafu, kama afanyavyo kila aliyesalitiwa, akaanza kumtetea aliyemsaliti. Labda mkono wa Pacha umetetemeka. Labda kuna kinyozi mgeni mtaani, anatumia kushoto. Labda macho yake yana machozi tu. Akauondoa wembe kooni. Akamaliza shingo, akamaliza upande wa kulia. Ule mstari wa kushoto hakuugusa. Angeweza kuunyoosha kwa mpigo mmoja, akauacha kama ulivyo.

"Umemaliza?" wakala aliuliza.

"Nimemaliza," alisema Fundi.

Pacha aliinuka upesi akajifuta povu. Na hapo hapo, kabla hata shuka halijakung'utwa, mlango wa pazia ukafunguliwa na mke wa Fundi akaingia. Alikuwa na mfuko mkononi, na ndani ya mfuko kulikuwa na shati. Mlisikia habari za shati hilo. Ndilo alilokuwa akilishona siku zote hizi kwa ajili ya picha ya mumewe, analishona mlango umefungwa, anasema hataki lionekane kabla ya siku yake.

Aliingia akitazama chini, anatafuta mahali pasipo na nywele apaweke mfuko.

"Pole, mume wangu," alisema.

Msomaji, rudi usome tena. Mwanamke hajawahi kuona kidevu cha mumewe tangu wajuane. Mama Magazeti, mtu baki, alishika ukuta. Wakala alikaa chini. Na huyu anaingia, hajainua uso, anasema pole.

"Pole ya nini?" Fundi aliuliza.

"Ya ndevu."

"Nani amekuambia?"

Sasa akainua uso. Alimtazama mumewe mara ya kwanza, akasema ameambiwa hapo nje, kwenye ngazi, na yule Mama Magazeti. Fundi alihisi pumzi inamrudi. Alitaka iwe kweli. Alitaka sana, mpaka akaanza kutabasamu na kile kidevu chake kipya.

"Mimi?" sauti ilisema kutoka kwenye benchi.

Mama Magazeti alishusha gazeti lake. Hakuwa na nia mbaya, maskini, alikuwa anashangaa tu. Alisema yeye hajatoka tangu alipoingia asubuhi, yuko hapo, na magazeti yake haya hapa.

Mke alisema basi ni mwingine, watu wa hapo nje wengi, nani anakumbuka. Alisema mengi kwa haraka, na huku anasema mikono yake ilikuwa imeshafungua mfuko, ikatoa shati na kulikung'uta. Lilikuwa shati zuri, sitaki kudanganya. La bluu iliyokolea, kola imesimama, vifungo vimekaa safu moja. Wakala alipoliona alisahau waya wake. Akasema hilo ndilo, avae huyo anayepigwa picha, hapo ndevu zitaonekana.

"Nami ndivyo nilivyofikiri," alisema mke. "Lisipotee bure."

Hebu niwakumbushe maumbile ya hawa mabwana. Fundi ni mpana wa mabega, mfupi wa mikono, na tumbo limeanza kumtangulia kidogo. Pacha ni mwembamba, mrefu, mikono inafika mbali. Mke wa Fundi ni mshonaji ambaye hajawahi kukosea kipimo. Mteja akiongezeka kidogo baada ya kupimwa, anamjua kwa kumtazama tu anavyopita mlangoni.

Pacha alilivaa. Mabega yalikaa kwenye mabega. Mikono ilishuka ikaishia kwenye kifundo, haikuzidi, haikupungua. Kifungo cha mwisho kilifungwa bila kuvuta wala kulegea.

"Kama ameshonewa yeye," wakala alisema, na akaanza kupiga picha.

Kamera ililia, taa ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Fundi alisimama pembeni ya kiti chake, ndani ya saluni yake isiyo na dirisha, na kila taa ilipowaka alikiona kitu kipya. Aliiona barakoa. Aliuona ule mlango uliofungwa mshonaji akishona. Alikiona kitana kimelazwa mezani, na safari hii moyo ulikipokea. Hawakumpora ndevu asubuhi hii. Walikaa, wakapima, wakakata na kushona, na yeye anawapikia chai na kuuliza mafua yanaendeleaje. Mtu aliyempa koo na mtu aliyempa nyumba. Angekuwa na wa tatu, angeenda kumlilia huyo.

Aliona haya. Mnashangaa? Aliyesalitiwa ndiye huona haya, waliosaliti wanasimama kwenye mwanga wanapigwa picha.

Wakala alitazama kwenye kamera yake, akasema moja ya mwisho, lakini kuna nywele zimebaki kwenye kola, zinaonekana. Akauliza kama Fundi anaweza kuziondoa.

"Bila shaka," Fundi alisema.

Alikwenda mezani. Aliwapa mgongo wote, na mkono wake ukapita juu ya vifaa vyake taratibu, kimoja baada ya kingine. Akachukua kimoja. Akageuka, mkono uko chini pembeni ya mwili, umefichwa na lile shuka alilolibeba begani.

"Pacha," alisema kwa upole. "Rudi kitini."

Pacha hakusogea. Alimtazama Fundi, akatazama mkono usioonekana, kisha, na hili Mama Magazeti ataapa nalo mahali popote, akamtazama mke wa Fundi.

"Ni nywele tu," Fundi alisema. "Miaka yote hii umelala hapo. Kaa."

Asingekaa angemweleza nini wakala? Kwamba anamwogopa ndugu yake? Alipiga hatua moja. Akashika mkono wa kiti, akaanza kujishusha.

"Usikae, mpenzi wangu!"

Sauti ilikuwa ya mke. Alikuwa ameshavuka chumba. Alijipenyeza kati ya kiti na mumewe, akamsukuma Pacha nyuma, na mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe ukamfunika Pacha koo. Vidole vyake vilizama ndani ya ndevu za mtu yule. Alimtazama mumewe kama anavyotazamwa muuaji, akamwomba kwa jina la Mungu autupe wembe.

Fundi aliinua mkono.

Alikuwa ameshika brashi. Ile brashi laini ya kufuta nywele shingoni, ya manyoya, haiwezi kumchubua hata mtoto.

Viatu vya watu vilipita juu, vikaisha. Mke aliitazama ile brashi, akautazama mkono wake mwenyewe ulipokuwa, na hakujua auondoe vipi. Pacha alifumba macho. Fundi hakupiga kelele wala hakulia. Alikuwa amelipata alilokuwa akilitafuta, na alitamani angelikosa.

Wakala alishusha kamera taratibu. Alimtazama mwanamke, akamtazama mwenye shati, akamtazama mwenye kidevu kitupu. Ni kijana aliyelelewa vizuri, hakutaka kumkosea mtu heshima.

"Samahanini," alisema. "Huyu dada ni mke wa nani kati yenu?"

Fundi aliiweka brashi mezani. Akavuta kiti chake cha kazi, akakaa mwenyewe, akamgeukia mkewe.

"Mjibu mgeni," alisema.